Sura ya Tano: Palipoachwa Peupe

Ngome ya Karema humshangaza mtu aliyeanza kuisoma vitabuni. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, wakiongozwa na Kapteni Cambier, waliifungua mwaka 1879 iwe kituo cha ziwani, mahali pa kupakia mashua na kuvukia Kongo. Sasa simama pale kilimani, tazama magharibi. Kati yako na Ziwa Tanganyika kuna ardhi, tena ardhi ya kutosha kulima na kujenga. Kuwafikia wavuvi ni mwendo wa miguu. Nilipofika mara ya kwanza, na nakala ya mchoro wa zamani mkononi, nilidhani nimeelekezwa siko. Nikaugeuza mchoro, nikaugeuza tena, nikaishia kumlaumu mchoraji.

Mchoraji hakuwa na kosa. Ziwa ndilo lililohama.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, ulio ng'ambo, pale ulipo mji wa Kalemie. Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, na ziwa likawa linapanda mwaka hadi mwaka. Msafiri wa Kiingereza Cameron aliufikia mwaka 1874 akasema maji yanatoka. Msafiri Stanley akaja mwaka 1876 akasema bado. Wakabishana magazetini, na kumbe kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mwaka 1878 kizibo kikaachia. Katika muda wa miaka kama 15 hivi ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Kwenye mwambao wa miamba, mita 10 za kwenda chini hazionekani sana. Ni ukuta tu uliozidi kuwa mrefu. Lakini Karema ni tambarare. Pale mita 10 za kushuka ni uwanda mzima uliotokea mbele ya macho ya watu. Wabelgiji walijenga maji yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kukimbia, na hawakujua. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo wakati kituo kingali kichanga, alishangaa ni nani aliyechagua mahali penye bwawa na bandari mbovu namna ile.

Ndiyo maana siku hizi nikikuta ramani haikubaliani na nchi, nauliza kwanza: ilikuwa nchi ya mwaka gani?

Wapo walioyaona mabadiliko hayo pole pole, siku kwa siku. Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Mto Niger, akauzwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kusomeshwa uganga huko Malta, alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka hadi alipofariki mwaka 1956. Watu humkumbuka kwa tiba zake na ukatekista wake. Mimi humwaza pia kama mtu aliyetazama ufuko mmoja kwa miaka 67. Ramani ngapi za Karema zilichorwa upya katika muda huo, naye akipita njia ile ile kwenda kwa wagonjwa! Laiti angekuwa akichora mstari wa maji kila Pasaka.

Na hadithi haijaisha. Tangu kama mwaka 2020 ziwa limepanda tena, likafunika magati na nyumba za mwambao katika nchi zote nne zinazolizunguka. Karema nayo imejengewa bandari mpya, kwa kusudi lile lile la Cambier: kuvuka kwenda Kongo.

Kabla hatujaenda mbali, neno moja kwa msomaji atakayetaka kutafuta mwenyewe. Usitafute “Katavi”, mkoa ilimo Karema leo. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Rukwa yenyewe ilizaliwa miaka ya 1970, na Wilaya ya Mpanda ilipotiwa humo ilikuwa imetolewa Tabora. Kwa hiyo barua, michoro na taarifa za nchi hii zimelala katika majalada ya Tabora, nyingine ya Ufipa, na za zamani zaidi ziko Berlin na Brussels. Mtu anayeuliza Nyaraka za Taifa jalada la Katavi la mwaka 1930 atajibiwa hakuna, na jibu hilo litakuwa sahihi. Mtu anayeuliza Jimbo la Magharibi la wakati wa ukoloni atatolewa mafungu ya kumchosha wiki nzima.

*

Ramani ya kwanza ninayopenda kuwaonyesha watu imekosea kuliko zote. Mwaka 1855 wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa pwani, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, walichora bara ambalo hawakuwahi kuliona. Waliwauliza wasafiri wa misafara. Aliyetoka Kilwa alisema: ukienda sana utafika majini. Aliyetoka Bagamoyo akasema vivyo hivyo. Aliyetoka Tanga naye alikuwa na maji yake. Wale mabwana wakayaunganisha maji yote matatu wakapata bahari moja iliyopinda, yenye umbo la konokono asiye na nyumba, kuanzia karibu na Ikweta hadi kusini kabisa. Wenyewe waliisikia ikiitwa bahari ya Unyamwezi. Wataalamu wa London waliicheka, kisha mwaka uliofuata wakawatuma Burton na Speke kwenda kuitazama.

Ukiitafuta nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa kwenye ramani hiyo, imezama. Ufipa hakuna. Rukwa hakuna. Lakini zingatia jinsi kosa lilivyotokea. Kila msafiri alisema kweli tupu. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyewahi kutembea kutoka maji haya kwenda maji yale kwa njia ya ubavuni, na kuulizwa. Watu hao walikuwapo: Wakonongo waliokuwa wapagazi, Wapimbwe na Wafipa waliokuwa wakipeleka chumvi na majembe. Ila hawakuwa pwani siku Erhardt alipokuwa akiuliza. Ramani hujua kile walichokijua waliohojiwa, na hapo hapo huishia.

Ukiielewa hiyo, ramani ya Stanley inasomeka vizuri zaidi. Septemba 1871 aliondoka Tabora kumtafuta Livingstone. Vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, vilikuwa vimefunga njia ya moja kwa moja ya Ujiji, akalazimika kuzunguka kusini: akakata Ukonongo, akaingia nchi aliyoiandika Ukawendi, ambayo kwa jumla ndiyo Ubende na Utongwe, kisha akapinda kaskazini. Mapema mwaka 1872 alirudi na Livingstone kwa upande huo huo. Ramani iliyotoka ndani ya kitabu chake mwaka huo ni miongoni mwa za kwanza kuweka majina katika nchi ambayo leo ni Katavi. Kuna Mrera. Kuna Mpokwa. Kuna Simba wa Usowa. Kuna na mlima aliouita Magdala, jina la ngome ya Mfalme Tewodros wa Ethiopia, kwa kuwa miaka minne kabla Stanley alikuwa mwandishi wa habari wa vita vya Waingereza dhidi ya Tewodros na mlima huu ulimkumbusha ule. Hilo la Magdala lisikupotezee muda. Hakuna mtu hapa aliyewahi kuuita hivyo.

Mrera na Simba ni jambo jingine. Hayo si majina ya mahali, ni majina ya watu. Mpagazi akiulizwa kile kijiji ni cha nani atasema “kwa Mrera”, na mwandishi anaandika Mrera, na huko Ulaya mchonga ramani anaweka kiduara cheusi pembeni ya neno kana kwamba ni mji. Mtemi akifa, au akihamisha boma kwa sababu ya vita au udongo uliochoka, jina linaondoka naye. Nimekutana na watu wenye bidii kweli kweli, wana GPS na viatu vizuri, wamezunguka pori siku tatu kutafuta “mji uliopotea” wa ramani ya zamani. Haukupotea. Ulihamia kwa mrithi, ukabadili jina. Kuuliza ukoo wa mtemi kunafaa kuliko kuuliza mahali, kwa sababu watu wanaojua kaburi la babu yao liko wapi ndio watakaokuonyesha boma lilikuwa wapi.

Tusiwacheke wageni, lakini. Katika Manispaa ya Mpanda kuna kata inaitwa Mpanda Hotel na nyingine inaitwa Uwanja wa Ndege. Miaka 150 ijayo mtu atakuja na ramani yetu kuitafuta hiyo hoteli.

*

Wajerumani ndio waliotengeneza ramani ya kwanza inayoweza kutumika shambani. Ni ile kubwa ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kwa skeli ya 1:300,000, iliyoanzwa na Richard Kiepert katika miaka ya 1890 na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ikachapwa Berlin kwenye nyumba ya Dietrich Reimer. Sentimita moja ya karatasi ni kilometa tatu za mguu. Maktaba kadhaa za ng'ambo zimeziweka karatasi hizo mtandaoni, na ukiwa na bando la kutosha unaweza kuzifungua ukiwa umekaa stendi ya Mpanda.

Kwanza jifunze kuisoma kwa sikio la Kijerumani. Tanganjika ni Tanganyika. Udjidji ni Ujiji. Sch isome sh. Usishtuke ukikuta r na l zimebadilishana: Ziwa Rukwa limeandikwa Rikwa, Likwa, hata Hikwa, na Thomson alipolifikia mwaka 1880 alilipa jina la Leopold ili mfalme wa Wabelgiji afurahi. Jina hilo halikudumu.

Kisha iangalie kwa mbali, kama unavyotazama kitambaa. Utaona nyuzi. Vijiji vimepangika kama shanga juu ya mistari myembamba, na kati ya mstari na mstari ni karatasi tupu, nyeupe pe. Haraka haraka utasema watu waliishi kando ya njia na kwingine kulikuwa pori. Sivyo. Ofisa alitembea na saa, dira na daftari. Aliandika tumetembea dakika 40 kuelekea kusini-magharibi, mto kushoto, kijiji kulia, kilima kwa mbali. Daftari likasafirishwa Berlin, likaunganishwa na madaftari mengine. Shanga zile ni upeo wa macho ya mtu aliyekuwa njiani. Kilichokuwa nyuma ya kilima hakikuingia.

Peupe hapo pana maana mbili zinazofanana kwa macho: hapakuwa na mtu, au hapakupita ofisa. Ramani haikuambii ni ipi. Na humu Katavi, makosa mengi ya baadaye yalitokana na watawala kuchagua ile ya kwanza.

Mfano ni Mpimbwe. Juni 1880 boma la Mpimbwe lilivamiwa na majeshi ya Mirambo na Simba, na ndani yake wakauawa Waingereza wawili, Carter na Cadenhead. Carter huyu ndiye aliyeletwa na Mfalme Leopold kujaribu kutumia tembo wa Kihindi badala ya wapagazi: tembo wanne walishushwa pwani mwaka 1879, na mmoja tu akafika Karema. Kwa sababu ya Wazungu wawili, boma lile lina tarehe na barua. Mangapi yalichomwa katika vita vile vile bila Mzungu ndani yake? Ofisa wa Kijerumani aliyepita baadaye na daftari lake alikuta vichaka, akaandika vichaka.

Baada ya vita ilikuja sotoka ya ng'ombe ya miaka ya 1890, na baada yake mbung'o. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1977 jinsi wakulima na wafugaji walivyokuwa wakimzuia mbung'o kwa jembe, moto na malisho, na jinsi kizuizi hicho kilivyovunjika watu na mifugo walipopungua. Malale yakaingia. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ikaamuru watu wa vitongoji vilivyotawanyika katika nchi hizi za magharibi waache makwao na kukusanyika kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa. Kwa ugonjwa ilisaidia. Kwa ramani, ilimaanisha kwamba mashamba yaliyoachwa yakawa miombo, na miombo ikawa na nzi na tembo, na baada ya miaka 20 mtu yeyote angeapa kwamba hapo hapajawahi kukaliwa.

Hapo hasa ndipo ndege za kupiga picha zilipokuja.

*

Ramani za 1:50,000 ambazo hadi leo maofisa wa ardhi huzitumia zilichorwa kutokana na picha za anga zilizoanza kupigwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi iliyosimamiwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoundwa Uingereza mwaka 1946. Ni kazi safi. Kila kijito kipo, kila kontua ipo. Hakuna tena peupe: pote pamejazwa alama za miti na vichaka. Lakini kamera ilipiga picha nchi ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kuondolewa. Ukosefu uliokuwa swali kwenye karatasi ya Kijerumani ukawa jibu kwenye karatasi ya Kiingereza. Nikilazimishwa kuchagua kati ya ramani mbovu inayoonyesha palipo na shaka na ramani nzuri isiyo na shaka hata kidogo, kwa kazi yangu nachukua ile mbovu.

Mji wa Mpanda wenyewe unaonekana kwa mara ya kwanza kwa ukubwa wake katika kizazi hiki cha ramani. Uliletwa na madini ya risasi, pamoja na fedha, dhahabu na shaba iliyomo ndani yake. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba huko Mukwamba, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua, ikavuka Mto Ugalla na kufika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, mji ukabaki. Tazama mstari huo kwenye ramani: umenyooka, haujali kijiji cha mtu, tofauti kabisa na njia za misafara zilizokuwa zikipinda kufuata maji na chakula. Njia inayopinda ilichorwa na watu wenye kiu.

Wataalamu wa miamba walikuwa wamepita pia. Miamba ya huku, yenye umri wa karibu miaka bilioni mbili, huitwa na wanajiolojia wa dunia nzima kwa jina la Ubende. Kuna watu Tokyo na Toronto wanaolitamka kila siku bila kujua kwamba kuna Wabende.

Kisha mikono mingine ikachora juu ya hiyo. Mwaka 1972 Warundi walikimbia mauaji ya kwao, wakapewa Katumba, kando ya reli. Mwaka 1978 wengine wakahamishiwa Mishamo. Ukiifungua Mishamo kwenye picha ya setilaiti unaitambua mara moja, kwa barabara zake zilizonyooka na viwanja vyake vilivyopimwa kwa rula. Katikati ya miaka hiyo hiyo Oparesheni Vijiji iliwakusanya wenyeji kando ya barabara, wengi wao wakiwa watoto wa waliokusanywa wakati wa malale. Na mwaka 1974 pori la akiba la Katavi, ambalo Wajerumani walianza kulilinda mwaka 1911, likawa Hifadhi ya Taifa, likaja kupanuliwa katika miaka ya 1990. Hifadhi inaitwa kwa jina la Katabi, mwindaji wa zamani ambaye roho yake inasemekana hukaa ndani ya mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu bado humpelekea sadaka. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba pori lilikuwa na wenyewe.

Namna ninavyofanya kazi ni rahisi. Naweka karatasi tatu moja juu ya nyingine kwenye simu: ya Kijerumani, ya Kiingereza, na picha ya setilaiti. Natafuta kitu ambacho hakiwezi kuhama, makutano ya mito au ncha ya kilima, navilinganisha hapo, kisha natafuta kitu kilicho kwenye karatasi moja kikakosekana kwenye nyingine. Hapo ndipo pa kwenda. Ukifika, acha simu, tazama miti. Miembe mikubwa iliyo peke yake porini haikujipanda. Mara nyingi ni kituo cha msafara au nyumba ya mtu. Minyaa iliyojipanga ni ua. Mkonge ulionyooka ni mpaka wa shamba au wa serikali. Mawe ya kusagia yenye shimo yanasema wanawake walikaa hapo muda mrefu. Mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito, yanasema wahunzi.

Wazee, nimejifunza kutowaonyesha ramani kwanza. Nilianza kwa kuitandaza mkekani na kuuliza “hapa ni wapi?”, nao wakaitazama kwa heshima na kunyamaza. Kule Mpimbwe mzee mmoja alinionea huruma. “Mjukuu wangu,” akasema, “mimi sijawahi kuiona nchi nikiwa juu yake. Niulize nilivyotembea.” Nikafunga karatasi. Nikamwomba anipeleke kwa maneno kutoka kwao kwa zamani hadi mahali mama yake alipokuwa akichota chumvi. Alikwenda mto kwa mto, mchana kutwa, akitaja kila mahali walipopumzika. Vituo vingi alivyovitaja vimo leo ndani ya mpaka wa hifadhi. Viwili tu nilivikuta kwenye karatasi ya Kijerumani, vimeandikwa vibaya, juu ya mstari wa ofisa. Vilivyobaki vyote viko peupe.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Katavi. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Hakuna mkoa ulioongezeka kwa kasi hiyo, na wengi wa waliokuja ni Wasukuma waliofuata malisho na mashamba ya mpunga. Vijiji vyao vingi havimo katika ramani zilizochapwa.

Mara ya mwisho kupita upande wa Mlele, pikipiki ilizima. Dereva alikuwa kijana wa miaka kama 20, na wakati anasubiri injini ipoe akaomba aone kile ninachokitazama kila tukisimama. Nikamfungulia karatasi ya Waingereza. Aliikuta barabara, akaifuata kwa kidole, akauvuka mto, akafika anapokaa. Palikuwa na alama za miti tu.

“Hii ya mwaka gani?”

Nikamwambia.

“Basi sawa,” akasema, akinirudishia simu. “Mzee alikuwa hajafika.” Akainama kupiga kiki.